Karani Amepona Nje ya Utaratibu

Kitendawili!

Nimesikia mmeitika, ingawa wengine mmeitika kivivu. Haya. Nina mnyama wangu: namlisha, namvisha, namtembeza kwa gari, nikimwita haji.

Si mbwa. Si punda, punda hapandi gari. Si shemeji yako, ingawa wewe uliyesema hivyo umenichekesha. Fikirini taratibu, nami nasimulia. Mkishindwa mtanipa mji, maana ndivyo vitendawili vilivyo: anayeshindwa kujibu hutoa mji, na mtegaji akiupenda anauchukua, asipoupenda anaukataa mpaka apewe wa maana. Ni miji ya mdomoni tu, wajukuu zangu. Hakuna aliyewahi kupewa mji wa kitendawili akaenda kuudai. Isipokuwa katika nchi ninayotaka kuwaeleza.

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Ni nchi nzuri sana, ina bendera, ina wimbo, ina barabara moja. Iko mbali mno na hapa. Mtu asije akasema nilisema ni hapa.

Katika nchi hiyo alikuwako Waziri wa Wanyama na Mambo Mengineyo, Mheshimiwa Salumbo. Serikali ilikuwa imegundua kwamba kuandika sheria kunamaliza karatasi, basi wakakubaliana kwamba neno lolote la Mheshimiwa Salumbo likipita kwenye redio ya taifa ni sheria hapo hapo, na halirudi, hata yeye mwenyewe akililia. Mtangazaji alikuwa amekaa tayari. Mheshimiwa akifunga mdomo tu, mtangazaji husema, "Neno limetoka, sheria imeingia," kisha wanapiga tarumbeta.

Siku moja Mheshimiwa alisema hewani, "Nawatakia Jumatano njema." Na siku ilikuwa Alhamisi. Tarumbeta ikapigwa, nchi nzima ikarudia Jumatano. Waliooana Alhamisi ile walirudishwa makwao ili waoane tena kesho yake, na bibi harusi mmoja, baada ya kupata usiku mzima wa kufikiri, hakutokea. Mpaka leo anamwombea Mheshimiwa dua.

Basi Mheshimiwa huyo alisafiri ng'ambo, akaona mbwa amevaa koti. Alirudi hajala siku mbili kwa mawazo. Akaingia redioni na kusema:

"Ndugu wananchi! Nchi ambayo paka wake anatibiwa na bibi jikoni ni nchi iliyolala. Kuanzia sasa mnyama wetu atatibiwa kisasa, atatibiwa kitaalamu, atatibiwa kwa gharama! Kwa sababu kitu cha bure, ndugu zangu, hata mnyama anakidharau."

Neno limetoka, sheria imeingia. Ikaitwa Sheria ya Kumlinda Mnyama dhidi ya Mwenye Mnyama. Hospitali Kuu ya Wanyama ikajengwa mji mkuu, ina marumaru mpaka kwenye paa, ambako hakuna anayekanyaga. Hospitali ya watu ikahamishiwa nyuma yake, penye tangi la maji, kwa maelezo kwamba binadamu akiugua ana mdomo wa kujitetea. Na ili pasiwe na ubishi nani ni mnyama wa kufugwa na nani siye, sheria ikatoa maana yake, wakaichonga kwenye jiwe langoni:

MFUGO NI KIUMBE CHOCHOTE KINACHOKULA KWA JASHO LA MWINGINE, KINACHOLALA MCHANA, NA KINACHONUNA KISIPOPEWA.

Lishikeni hilo jiwe. Tutalirudia.

Sasa, katika mtaa wa Ngojeni, ukingoni mwa mji huo mkuu, alikaa mjane mmoja mshona nguo, Bi Sikudhani. Alikuwa na cherehani ya miguu na paka. Paka alimwita Karani, kwa sababu alikaa mlangoni kutwa, akimtazama kila anayekuja, na hamsaidii hata mmoja. Lakini alikuwa na kazi moja. Bi Sikudhani akitandaza kitambaa ili akikate, Karani hulala kwenye ncha kisipeperuke. Tangu mume afe, Bi Sikudhani hakuwa na mtu mwingine wa kumshikia ncha ya pili.

Walikula sahani moja. Samaki akiletwa, mama anakula mwili, Karani anakula kichwa. Ndipo siku moja mfupa ukamkwama Karani kooni.

Bi Sikudhani hakushtuka. Alikwisha kutoa mifupa kwenye koo la mume, la watoto, na la shehe mmoja aliyealikwa maulidi. Akakunja mkono wa gauni, akampakata Karani, akamfungua mdomo, akaingiza kidole. Alikuwa ameshaugusa mfupa wenyewe, hivi, kwa ncha ya ukucha, aliposikia sauti mlangoni.

"Bi mkubwa, toa kidole chako ndani ya mnyama."

Alikuwa Mkaguzi wa Wanyama wa mtaa, kijana mrefu mwenye kofia. Msimchukie bado. Alikuwa mtu wa sheria kweli kweli, hakujali ni sheria ya nani wala inamwangukia nani.

"Mwanangu, anakabwa."

"Naona anakabwa. Anatakiwa akabwe hospitali."

Hospitali Kuu ililipiwa mlangoni, kuingia. Kutoka nako kulilipiwa, lakini hilo waliliandika upande wa ndani. Bi Sikudhani akalipa, akaingia na Karani kifuani, macho ya paka yamemtoka. Nyuma ya meza ndefu alikaa Daktari Bingwa Kasembo, mwenye koti jeupe ambalo halijawahi kuona damu wala mate. Pembeni yake palikuwa na kitanda cha kupimia mnyama, kingine cha kumpimia mwenye mnyama, na mizani kubwa ya kupimia mkoba.

"Jina la mgonjwa?"

"Karani."

"Cheo chake hicho, au jina?"

Kabla hajajibiwa, Karani akajikunja, akakohoa mara moja kwa nguvu zote za paka mzima, na mfupa ukaruka, ukaangukia mezani mbele ya daktari. Tang! Karani akajilamba bega, akatazama mlango.

"Alhamdulillahi!" Bi Sikudhani akampakata. "Haya baba, ahsante. Twende zetu, Karani."

"Mwende wapi?" akauliza Daktari Kasembo.

"Nyumbani. Amepona."

"Amepona kwa idhini ya nani?"

Bi Sikudhani akacheka, akidhani anataniwa. Daktari hakucheka. Akauinua mfupa kwa kibanio, akautazama kwenye mwanga kwa huzuni.

"Mama, mgonjwa ametoa mfupa kabla hajapimwa. Hajafunguliwa faili, hajachomwa sindano, hajaonwa na jopo. Huko kunaitwa kupona nje ya utaratibu. Alikuja na ugonjwa mmoja, sasa ana miwili: mfupa uliotoka, na tabia ya kuutoa."

"Daktari, paka mzima huyo! Mtazame!"

"Ndicho kinachotutia wasiwasi. Alazwe."

Wakamlaza. Kizimba cha chuma, godoro la sponji, kioo mbele. Mfupa nao ulilazwa, kama kielelezo, katika chumba cha peke yake chenye feni.

Sitawachosha na majina ya ada zote, maana hata waliozitunga walikuwa wanazisahau na kuzitoza tena. Ilikuwako ada ya kulala, na ada ya kuamka. Ada ya pumzi, ya kuvuta na ya kutoa. Ada ya huruma ilitozwa kila muuguzi alipomwambia mwenye mnyama "pole", basi watu wakawa wanaziba masikio wakipita korido, na wauguzi wakawa wanapiga kelele, "POLE! POLE SANA!" Na ilikuwako ada ya kumtazama mgonjwa kupitia kioo. Mgonjwa naye akikutazama, ilikuwa ada ya kutazamana, ambayo ni maradufu. Bi Sikudhani akajifunza kutazama kwa jicho moja, nusu bei.

Karani, kwa kuwa paka ni paka, alikuwa amenuna. Akija mama, anageuza mgongo. Mwanzoni Bi Sikudhani alimshukuru Mungu, maana mgongo ulikuwa nafuu. Akifika nyuma ya hospitali, penye tangi la maji, analia macho yote mawili, huko hakukuwa na ada.

Aliuza cherehani. Akashona kwa mkono. Aliuza bati za paa. Mvua ilipokuja alihamia chini ya kitanda, na kitanda kilipouzwa alihamia chini ya mvua. Majirani wakamwambia, "Sikudhani, paka si wako peke yake mji huu, chukua mwingine." Akawajibu, "Nitamchukua mwingine anishikie kitambaa gani? Cherehani si imekwenda?"

Hata hao majirani hawakuwa na hali. Mji mzima uliingiwa na hofu ya kupenda. Mama mmoja alimnyang'anya kuku wake jina, ili asihesabiwe mfugo. Watu wakawa wanapishana na wanyama wao barabarani kama wadai na wadaiwa, macho juu ya nyaya za umeme.

Mzee Chipande, jirani wa ukuta mmoja na Bi Sikudhani, alikuwa na mbwa anaitwa Watasema. Siku moja Watasema alikuwa anachechemea, kachomwa na mwiba, jambo dogo. Mzee Chipande akatoka kwenda dukani, akijifanya yuko peke yake duniani. Watasema akamwona. Mbwa hajui sheria. Akaja anachechemea kwa furaha, mkia unapiga huku na huku, akaanza kumlamba mzee mguu. Na Mkaguzi huyo hapo, na kofia yake.

"Mzee, mbwa huyu ni wako?"

"Simjui."

"Mbona anakulamba?"

"Hana adabu."

"Mbona analia ukimsogeza?"

"Labda nimefanana na mtu," akasema Mzee Chipande.

"Vizuri," akasema Mkaguzi. "Mbwa asiye na mwenyewe ni wa serikali." Akamfunga kamba. Watasema akaenda huku anageuka nyuma kila hatua, na Mzee Chipande akasimama na chupa tupu ya mafuta ya taa, akimtazama mbwa asiyemjua mpaka alipopotea kwenye kona. Tangu siku hiyo hakuongea na mtu. Alikwenda hospitali kila asubuhi, analipa, anatazama kwa jicho moja.

Kisha ikaja Siku ya Mnyama, sikukuu kubwa kuliko zote katika nchi hiyo. Mheshimiwa Salumbo akatangaza redioni wiki ile kwamba hospitali imejaa wanyama wazima, jambo la aibu kwa hospitali. Kwa hiyo mnyama yeyote ambaye mwenyewe hajamaliza ada zake mpaka usiku wa sikukuu, kesho yake asubuhi atafungiwa hesabu.

Bi Sikudhani akaenda kuuliza maana yake.

"Ni sindano tu, mama," akasema Daktari Kasembo kwa upole, na hakusahau kutoza upole. "Hasikii maumivu. Analala moja kwa moja. Ada yake wewe utalipa kidogo kidogo, hatuna haraka."

Mama akakitazama kile kizimba kwa macho yote mawili. Karani alikuwa amempa mgongo. Mgongo ulikuwa umekonda, unahesabika.

Siku hiyo, wajukuu zangu, Bi Sikudhani hakulia nyuma ya tangi. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye sakafu isiyo na paa, akaanza kutunga.

Maana nimesahau kuwaambia jambo moja. Mheshimiwa Salumbo alipenda vitendawili. Kila Siku ya Mnyama, jioni, uwanjani, redio ikirusha moja kwa moja, bibi mmoja wa mtaani huteuliwa amtegee Mheshimiwa, na Mheshimiwa hujibu, na nchi inapumua kwa fahari. Hajawahi kushindwa, kwa sababu ofisi yake ndiyo inayompa bibi kitendawili, na ndiyo inayompa yeye jibu. Na mwaka huo zamu ilikuwa ya Ngojeni, na Ngojeni nzima hakuna aliyemshinda Bi Sikudhani kwa kutega.

Afisa Itifaki akaja na kanga mpya.

"Bibi, unatega kile cha yai. Mheshimiwa anajifanya anafikiri. Anashika kidevu, hivi. Anajibu. Tunapiga makofi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu."

"Hebu nitegee nione."

Akamtegea cha yai. Afisa Itifaki akashika kidevu, akafikiri kweli, na ikabidi Bi Sikudhani amsaidie.

Uwanja ulijaa. Kila mtu mle ndani alikuwa na mgonjwa wake aliyelala kwenye marumaru, na kesho yake ilikuwa asubuhi ya sindano. Jukwaani walikaa Mheshimiwa Salumbo na Daktari Kasembo kwenye viti vya mto. Nyuma yao, kwenye hema, pilau ilikuwa imeshafunuliwa na harufu ikitembea. Mheshimiwa alikuwa na njaa. Hilo nalo lishikeni.

Bi Sikudhani akapewa kipaza sauti.

"Kitendawili!"

"Tega!" uwanja mzima.

"Aliyeugua yuko ndani. Aliyekonda yuko nje. Aliyenenepa hajaugua wala hajapika."

Mheshimiwa akashika kidevu. Akatabasamu. Akahesabu moyoni kama alivyofundishwa, kisha akanyoosha kidole juu.

"Yai!"

Mpiga tarumbeta akaanza, akaacha katikati.

"Si yai, baba," akasema Bi Sikudhani.

"La bata?"

"Wala la bata."

Mheshimiwa akamtafuta Afisa Itifaki kwa macho. Afisa Itifaki alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu, na alikuwa amevaa ndala. "Ngoja, ngoja," akasema Mheshimiwa. "Mama mjamzito! Mwezi! Mgomba! Mtungi wa maji!" Si hivyo. Si hivyo. Si hivyo.

Sasa niwaambie kitu kilichonifurahisha kuliko vyote katika kisa hiki. Uwanja mzima ulijua jibu. Watu wote, mpaka wauza karanga. Jibu lilikuwa limewajaa mdomoni kama maji. Akina mama waliwaziba watoto vinywa kwa viganja. Mzee Chipande, aliyekuwa hajasema neno tangu siku ile, alijikaba mdomo kwa kofia yake mwenyewe. Hakuna aliyefumbua. Ukimya ule ulikuwa mzito, na ulikuwa mtamu, na kila mtu aliushika kwenye ncha yake usipeperuke.

Na mtu mmoja zaidi alijua. Daktari Kasembo alikuwa anatoka jasho mpaka koti likaanza kuona unyevu kwa mara ya kwanza.

"Kasembo," akanong'ona Mheshimiwa, ila kipaza sauti kikasikia. "Wewe ndiye msomi. Ni nini hicho? Yuko ndani, yuko nje, amenenepa..."

Daktari akajifuta uso kwa koti. Mngekuwa nyie mngesemaje? Angejibu, angekuwa amekiri mbele ya nchi nzima.

"Mheshimiwa," akasema, "fani yangu ni wanyama."

Redio ilikuwa hewani. Pilau ilikuwa inapoa. Mheshimiwa akacheka kile kicheko cha wakubwa kisichofika machoni. "Haya bibi, nimeshindwa! Leo umenipata. Nakupa mji. Nakupa Kisimakavu."

"Siutaki. Hauna maji."

Watu wakacheka. Mheshimiwa naye akacheka, mchezo ni mchezo. "Nakupa Ngojeni."

"Huko ndiko ninakolala bila bati. Siutaki."

"Nakupa Pembembili."

"Barabara haifiki, baba. Mwaka juzi ulisema hewani kwamba imefika, na tangu hapo hatuna ruhusa ya kuijenga."

Upepo ukaleta harufu ya pilau, na tumbo la Mheshimiwa likanguruma kwenye kipaza sauti, nchi nzima ikasikia. Akasimama, akarusha mikono.

"Bibi, unanichelewesha! Basi chukua mji huu huu mkuu, wote, na vyote vilivyomo, na wote waliomo, twende tukale!"

"Nimeupokea," akasema Bi Sikudhani.

Mtangazaji alikuwa kijana mwaminifu kazini. "Neno limetoka," akasema, "sheria imeingia." Tarumbeta ikapigwa mpaka mwisho.

Mheshimiwa alibaki na mguu mmoja hewani, akielekea kwenye hema.

"Na jibu?" akauliza, sauti imepungua.

"Jibu ni hospitali yako, baba. Mgonjwa yuko ndani. Mwenye mgonjwa yuko nje, amekonda. Aliyenenepa umekaa naye hapo."

Ndipo uwanja ukafumbua mdomo wote kwa pamoja. Wanasema mlio ule uliwaamsha wanyama kule hospitali, na mbwa wakaitikia.

Asubuhi ile ya sindano, Daktari Kasembo alikuta watu wamejaa korido. Mbele yao alisimama Bi Sikudhani na kanga yake mpya, pembeni yake Mkaguzi.

"Mji huu wa nani?" Bi Sikudhani akamwuliza Mkaguzi.

"Wako, Bi mkubwa. Nimesikia mwenyewe redioni."

"Na vizimba hivi?"

"Vyote vilivyomo."

"Fungua."

Mkaguzi akafungua, kimoja baada ya kingine. Sitaweza kuwaeleza makelele yake. Watasema alimparamia Mzee Chipande akamwangusha chini, na Mzee Chipande akawa anasema pale pale chini, kwa sauti ili kila mtu asikie, "Ni wangu! Namjua! Huyu namjua mimi!" Karani alitoka wa mwisho. Akampita Bi Sikudhani kama hakumwona, akaenda mlangoni, akaketi, akaanza kuwatazama watu. Hapo mama akajua amepona, na safari hii hakumwomba mtu idhini.

Walipotoka langoni, Daktari Kasembo nyuma yao, Mheshimiwa Salumbo akafika na magari yake, amevaa suti, hajanyoa.

"Bibi, Bibi, ule ulikuwa mchezo. Vitendawili! Miji ya mdomoni tu!"

"Hata mimi nilidhani kutoa mfupa kwa kidole ni mambo ya jikoni tu," akasema Bi Sikudhani. "Mkaguzi, mwanangu, hebu nisomee lile jiwe la langoni. Macho yangu yamechoka, nimetazama sana kwa moja."

Mkaguzi akalisoma. "Mfugo ni kiumbe chochote kinachokula kwa jasho la mwingine." Akamtazama Mheshimiwa, akatazama suti, akatazama gari. "Kinacholala mchana." Akawakumbuka wakubwa wote wanavyosinzia bungeni. "Na kinachonuna kisipopewa." Akafunga kitabu chake cha kazi, ingawa hakuwa amekifungua. "Bi mkubwa, hawa wawili ni mifugo. Wamo mjini mwako. Ni wako."

"Upuuzi!" akapayuka Mheshimiwa, na kwa hasira akapaliwa, akakohoa.

Bi Sikudhani akaweka mkono kifuani. "Jamani, anakohoa. Maskini, mnyama wa watu. Alazwe."

Mheshimiwa alilazwa kwenye kizimba cha Karani, ambamo ilimbidi akunje magoti. Daktari Kasembo alipiga kelele kwamba yeye ni mzima, hana hata mafua, akapelekwa cha pili. Chumba cha mfupa, chenye feni, wakampa Watasema, mguu wake ukatolewa mwiba kwa kucha za Mzee Chipande.

"Mimi nimepona!" Mheshimiwa akalia saa hiyo hiyo. "Kikohozi kimekwisha!"

"Umepona kwa idhini ya nani?" akauliza Bi Sikudhani.

Ada zote zilibaki kama walivyozipanga wenyewe, hakuna iliyoongezwa. Pumzi, kulala, kuamka. Wauguzi walikuwa wepesi kujifunza: "POLE, MHESHIMIWA! POLE SANA!" Magari yakauzwa, nyumba zikauzwa, bati zikarudi Ngojeni, na cherehani moja ya miguu ikarudi ikiwa na mafuta mapya. Mke wa Mheshimiwa alikuja mara moja, akatazama kwa jicho moja, akauliza kama kuna ada ya kumwacha. Akaambiwa hakuna. Akashukuru, akaondoka.

Kisha akapita Katibu Mkuu, rafiki wa Mheshimiwa wa miaka yote, mshirika wake wa pilau. Alikuwa anapita haraka, macho juu ya nyaya za umeme. Mheshimiwa akamwona kupitia kioo, akajibamiza. "Mashombo! Mashombo ndugu yangu! Nilipie!"

Mkaguzi akamsimamisha. "Mzee, huyu ni wako?"

"Simjui."

"Mbona anakuita jina?"

"Hana adabu," akasema Katibu Mkuu, akaharakisha. "Labda nimefanana na mtu."

Mzee Chipande alikuwa amekaa hapo kwenye benchi na mbwa wake. Alicheka mpaka akatafutiwa maji.

Mnauliza kama walifungiwa hesabu? Wajukuu zangu, Bi Sikudhani si mtu wa sindano ya namna hiyo. Aliwaambia hivi tu: "Mimi nawafikiria." Kila asubuhi anapita na Karani. Anawapelekea samaki, kichwa kizima, chenye mifupa yote, na anakaa kwenye kigoda kuwatazama wanavyokula taratibu, taratibu, kwa hofu. Wanamwuliza, "Bibi, umeshafikiri?" Anawajibu, "Bado, baba. Ila kufikiri nako kuna ada." Karani anawatazama kidogo, kisha anawapa mgongo.

Haya, tumerudi kwenye kile cha kwanza. Namlisha, namvisha, namtembeza kwa gari, nikimwita haji. Naona mmetazamana. Naona wewe pale nyuma umeshalipata, limekujaa mdomoni.

Limeze. Usilitamke, mwanangu. Bana mdomo kama walivyobana wale uwanjani, mpaka mwenyewe ashike kidevu, ajibu yai, na njaa imbane atoe mji.